Tupeane uzoefu: serikali ilishakusaidia siku gani kwenye utalii wa mlima, msitu na ziwa?

Mubebaji wa Kibati
Jambo zenu ba ndugu. Nianze mimi mwenyewe, maana nikiuliza bila kusema mtasema nachokoza.

Nilibebaka mizigo ya watalii kwenye Nyiragongo, ile volkeno ya hapa Goma, mashariki ya Kongo, mu mbuga ya Virunga, karibu miaka mine. Mutu alikuwa analipa mbuga dola 300 ya kupanda, siye tunamungojea pale Kibati, njia inaanzia, asubuhi na botte zetu za mvua, kila mutu na kilo zake 15 mgongoni, masaa tano ao sita mpaka juu kwenye mita 3,470, unalala kule na baridi ambayo hata mutu wa Masisi inamushinda, usiku unachungulia ule moto unatokota chini kama sufuria ya maharagi. Msaada wa serikali nilioona na macho yangu ni walinzi wa ICCN, ile ofisi ya serikali ya mbuga, wenye bunduki, mumoja mbele mwingine nyuma. Huo sitaukana, bila wao hakuna mwenye angepanda. Lakini bima, mafunzo, hata koti, apana. Makoti tuliachiwaka na wageni.

Siku moja wakubwa walikuya na gari tano, wakapiga picha na siye, wakaandika majina yetu eti watatufundisha Kiingereza. Ile karatasi sijui iko kwa nani. Kiingereza nilijifunzia njiani, maana mgeni akichoka mnapumzika, na mapumziko ni mengi, kila pumziko namuomba maneno kumi. Mpaka mwaka wa pili nilikuwa nawaelezea lava ya 1977 na ya 2002 bila gidi kunisaidia, gidi akawa ananikasirikia.

Siasa ya nani anashika Goma tangu Januari 2025 tuiache, kila mutu anajua analala wapi. Nauliza hivi: serikali, ya Kinshasa ao ya provensi ao yoyote, ilikufanyia nini WEWE mwenyewe?

Mama Sambaza
Mwanangu umenigusa pahali panauma. Mimi niko na vyumba vitatu kando ya ziwa, marehemu baba yao alijenga, nikasema watoto wa Bulaya wanaokuyaka kuzunguka na mitumbwi watalala hapa, watakula sambaza fresh, zile samaki ndogo za ziwa. Nikatengenezesha kibao, nikakitundika barabarani. Wiki ile ile wakakuya! Wa usafi, wa mazingira, wa utalii, wa commune, na mwingine mpaka leo sijui alikuwa wa nini ila alikuwa na tampo, ule muhuri. Kila mutu na karatasi yake, kila karatasi na bei yake, na bei inabadilika ukiuliza mara ya pili.

Kuna moja waliniambia ni kodi ya kuendeleza utalii. Nililipa miaka miwili, na wageni wenyewe hawajafika saba. Nikamuuliza yule kijana, mwanangu, hii franga inaendelezaka utalii wa nani? Akaniambia mama mimi natumwa tu. Nikamupa sambaza na bugali, akakula vizuri, akaenda. Kibao nikakishusha. Sasa wageni wanafika kwa kuambiana masikioni, kama wanatafuta kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Motari wa Birere
😂😂 Mama kasiksi umeniuwa.

Mimi nitatetea serikali kidogo, msinipige. Kulikuwa ile mpango, mutu akinunua tiketi ya gorila ao ya volkeno kwa mbuga anapewa na visa ya wiki 2 kwa dola 105, mpakani wanamungoja na karatasi tayari. Hakujengwa kitu, hata tofali moja hapana, ni makaratasi tu na watu kukubaliana kwenye biro, lakini kwa mimi wa pikipiki kazi ilionekana. Mbele ya hapo mutu anatoka mbali na hamu yake yote anafika mpakani anaanza kuulizwa maswali mpaka anachoka anarudi Gisenyi, upande wa Rwanda, kunywa bia.

Ila kitu moja inaniuma. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, nikasema basi sasa tutaingia na kwenye ile visa moja ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100 siku 90, mutu anazunguka inchi tatu na karatasi moja. Siye hatumo. Mtalii yuko hoteli ya Gisenyi, anaona wekundu wa Nyiragongo usiku kwa dirisha, anapiga picha, kesho anarudi Kigali. Mlima wetu, bia ya kwao.

Mujukuu wa Msitu (Bukavu)
Mimi niko Mutwa, siye watu wa asili wa msitu, wa upande wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Naandika mara moja tu, sitarudi kubishana.

Mbuga iliwekwa 1970, ikaongezwa 1975 mpaka karibu kilomita mraba 6,000. Babu yangu aliishi mule. Alituambiaka siku ya kutolewa mule aliacha mizinga yake ya asali juu ya miti, akajua atairudilia. Alikufa anaihesabu ile mizinga, anakutajia kila muti. Kwa hiyo mukisema "msaada wa serikali kwa utalii" mimi nasikia ile siku. Watalii wanalipa kuona gorila, siye tunauza makaa tunakimbizwa.

2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikasema serikali ilivunja haki zetu, turudishiwe ardhi, tuombwe na msamaha. Tulisoma, tulilia, tukarudi shambani kwa watu kulima vibarua.

Na niseme na hii ju sipendi uongo: nilifanyaka kazi ya kufuata nyayo miezi nane, kibarua, naonyesha wageni njia ya gorila kutoka Tshivanga, kwenye kituo cha mbuga. Niliipenda. Kuna muti moja kila siku nilikuwa nausimamia chini yake dakika kidogo, wageni wanafikiri nasikiliza gorila.

Mubebaji wa Kibati
Ndugu, aksanti. Sina la kuongeza hapo.

Wa Rutshuru Ng'ambo
Naomba msinitukane, natafuta maisha upande wa Musanze, Rwanda. Huku kuona gorila ni dola 1,500 tangu 2017, na 10% ya mapato ya mbuga inarudi kwa watu wanaokaa karibu, zamani ilikuwa 5. Hiyo ni sheria, si huruma ya mutu. Nimeona shule, nimeona matanki ya maji, mwanakijiji akiona mutego msituni anautoa mwenyewe. Siye Virunga tulikuwa tunauza kwa 400, bei ya chini kuliko majirani wote, nikifikiri bei ndio itavuta watu.

Wapi. Mei 2018 nilikuwa na kundi la watu sita wamelipa nusu, wale Waingereza wawili wakatekwa, mlinzi mwanamke akauawa, mbuga ikafungwa mpaka Februari 2019. Nikarudisha franga yote, niliuza pikipiki. Tukaanza tena, 2020 corona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wenyewe ukapasuka, lava ikafika Buhene, pembeni ya Goma. Nikavuka.

Dada wa Mlinzi
@Wa Rutshuru, sawa, lakini mnaongea serikali kama vile ni kodi na tampo peke yake. Kaka yangu anavaa ile uniforme ya kijani. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa Virunga, hao si serikali? Mshahara unachelewaka, sisi nyumbani tunakula sombe bila mafuta, na yeye anarudi kule kule. Mkipewa mgeni salama mpaka juu ya mlima mnasema hamujasaidiwa.

Mubebaji wa Kibati
Dada nilisema pale juu, walinzi siwakani. Ila mwenye kumuchelewesha kaka yako mshahara na mwenye kumutuma yule kijana kwa Mama Sambaza, nahisi wanakaa biro moja.

Mwana Katuba (Lubumbashi)
Huku kwetu vita hakuna, na msaada ni ule ule wa hakuna. Tulienda kuona maporomoko ya Lofoi, mu mbuga ya Kundelungu, maji inaanguka zaidi ya mita 300 mara moja, kati ya marefu sana ya Afrika, uliza mutu hapa mu ville kama alishayaona. Tuliazima jeep, ilikwama mara tatu, bariera tulilipa ine, na mu bariera yote ine hakuna mwenye alijua Lofoi iko wapi! Makamioni ya madini nayo yanateleza kwa lami yao. Kufika, mlinzi mzee akatupa daftari tuandike majina, wa mbele yetu alipita wiki tano nyuma. Akatuombea kalamu, yake ilikauka.

Motari wa Birere
Mama Sambaza, kile kibao ungali nacho? Kuna jamaa anataka kufungua kwake.

Mama Sambaza
Kiko. Mbao ya libuyu, maandishi ya bluu, kizuri. Nafunikia pipa la maji. Anitafutie kwanza kifuniko kingine.