Kutenganisha uzi wa sufu ili kuziba tundu la sweta

Dada wa Nguba, Bukavu
Wapendwa mafundi, salamu. Sweta ya marehemu baba, ambayo mama huivaa asubuhi upepo wa ziwa unapoleta baridi, imetoboka kwenye kiwiko, na tundu lenyewe linapitisha kidole gumba. Katika soko la Kadutu nimepata donge la sufu la rangi ileile, lakini uzi wake ni mnene kuliko ule wa sweta. Nilipojaribu kuuchambua, ulijikunjakunja na kufungamana mpaka nikalazimika kuukata. Je, ninaweza kutoa nyuzi zilizomo bila kuharibu donge zima?

Mama Fundi
Pole, mwanangu. Uliuchambua ungali umeshikana na donge, na kila ulipovuta, msokoto wote ulisukumwa chini ukarundikana mahali pamoja. Kata kipande cha sentimeta 50 hivi, usizidishe. Fungua ncha kwa kucha uhesabu nyuzi zilizomo. Ukikuta ni uzi mmoja tu usiogawanyika, huo haufai, tafuta mwingine. Zikiwa tatu au nne, shika moja kwa mkono huu na zilizobaki kwa mkono ule, halafu uzipanue polepole huku ukiacha mwisho wa chini ukining'inia na kuzunguka wenyewe. Kuzunguka huko ndiko kunakoondoa msokoto, kwa hiyo usikuzuie na usiwe na haraka, kwa sababu manyoya ya sufu hushikana na yakivutwa kwa nguvu uzi hukatika.

Papa wa Ibanda
Kwa heshima ya Mama Fundi, naongeza jambo moja. Uzi mmoja peke yake ni dhaifu, na kiwiko husuguliwa kila siku mezani. Mimi ningetumia nyuzi mbili pamoja katika sindano butu, nikifuata njia ya matanzi ya zamani, na kuanza mbali kidogo na tundu, pale ambapo sweta bado ni nzima. Kwanza zilowesheni na kuzitundika zikauke, ili mikunjo iondoke.

Dada wa Nguba, Bukavu
Nawashukuru sana, mama na papa. Donge lina nyuzi nne. Kipande cha kwanza kilinikatikia, ila vitatu vilivyofuata vimetoka vizima, na sasa vinaning'inia kwenye kamba ya nguo, kila kimoja na kibanio chini yake. Mbili pamoja zinalingana kabisa na uzi wa baba.