Uliwahi kufanya kazi na Wachina huku Nyanda za Juu? Tupeane uzoefu

Kijana wa Uyole
Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, wamepewa Wachina waiendeshe miaka 30, wataweka dola bilioni 1.4. Babu yangu alipiga nyundo kipande cha Mlimba–Makambako, kule kwenye mahandaki, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anawasifia. Niliofanya nao kazi mimi ni wa aina nyingine kabisa. Wenye uzoefu mwageni.

Mnyalukolo
Kamwene wakuu. Nilikuwa kibarua wa barabara, tunachimba mtaro wa kalavati, masika yamechachamaa. Udongo ukaporomoka. Mimi nikafukiwa mpaka kifuani, mwenzangu ukabaki unaonekana mkono tu. Mnyapara wetu Mchina, yule wa kutufokea "haraka haraka" kutwa, akaruka mtaroni na raba zake za kitambaa, akafukua kwa vidole mpaka kucha zinatoka damu. Jamaa akatoka hai, anatema tope. Tukambeba mnyapara juu juu.
Jumamosi kwenye malipo, wote tumekatwa nusu siku. Namuuliza bosi vipi, ananionyesha daftari: "Siku ile kazi hapana."

Mama Parachichi
Kazi hapana 😂😂 Pole kaka, nacheka lakini inauma.

Fundi Mwanjelwa
Mlikuwa na mkataba? Kama hamna, mnalalamika nini?

Mnyalukolo
Mkataba wa kibarua? Fundi, wewe wako uko wapi?

Mtu wa Ludewa
Nyie mlilipwa hata hiyo nusu. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma huku kwetu wamesaini na Wachina 2011, chuma bado kiko mlimani na sisi tumeota mvi.

Mzee wa Reli
Vijana msichanganye mambo. Reli ya 1970–75 ulikuwa mkopo usio na riba, Wazungu walishakataa kuijenga. Leo Mmarekani anasukuma reli ya Lobito kule Angola, ndiyo Mchina kakumbuka TAZARA. Hii ni biashara.

Kijana wa Uyole
Mzee shikamoo, ila uzi ni wa uzoefu.

Mzee wa Reli
Marahaba. Huo ndio uzoefu wangu.

Mama Parachichi
2022 tuliambiwa soko la parachichi China limefunguka. Shambani kwangu anakuja dalali yule yule wa Tukuyu, na bei anapanga yeye.

Fundi Mwanjelwa
Jifunzeni Kichina, angalau msome daftari.

Mwana Makambako
Usithubutu. Ukikijua unafanywa mnyapara, wa kwanza kukuchukia ni shemeji zako.

Mama Parachichi
Yule aliyefukiwa yuko wapi?

Mnyalukolo
Yuko nao mpaka leo. Ndiye anayeandika daftari.

Dogo Mbalizi
Samahanini wakubwa, vibarua vya reli wanaandikisha wapi?