Pilipili kwenye roshani: chungu cha udongo, ndoo au mfuko wa kitambaa?

Kijani_Ghorofani
Habari zenu wadau. Nina miche ya pilipili mbuzi na pilipili kichaa, imeshatoa majani sita na inataka kuhamishwa. Roshani yangu inatazama magharibi: asubuhi kivuli, kuanzia saa nane mchana jua linapiga mpaka linazama, na upepo haukosi. Nachagua kati ya chungu cha udongo, ndoo ya plastiki ya lita 20 na mfuko wa kitambaa. Mliokwisha kulima hivi, mnashauri nini?

BintiMkulima
Chungu. Udongo uliochomwa unapitisha maji polepole hadi nje, yanakauka huko na kuipoza mizizi. Tena ni kizito, upepo haukiangushi. Hakikisha tu kina tundu chini.

Mzee_wa_Miche
Binti yangu, kuhusu ubaridi umesema kweli. Ila kwa jua la mchana pamoja na upepo, chungu hukauka upesi, na mfuko wa kitambaa hukauka upesi zaidi.

Mfuko nao una sifa yake, tusiunyime haki. Mzizi ukifika ukingoni hukutana na hewa, ncha yake inakauka, na mmea unachipuza mizizi mingine midogo nyuma yake. Kwenye plastiki mzizi huo huo ungezunguka ukuta tu. Shida ni maji: siku za joto mmea mkubwa hutaka asubuhi na jioni, bila kukosa. Leo ukame, kesho mafuriko, hapo maua yanapukutika na matunda yanaoza kitakoni, maana kalsiamu husafirishwa na maji na yakikatika haifiki kwenye tunda.

Kwa roshani hiyo ningetumia ndoo, na iwe nyeupe. Nyeusi hufyonza joto, na mizizi iliyogusana na upande unaopigwa na jua huungua. Toboa matundu sita au manane chini, kisha mawili ubavuni karibu kabisa na kitako, kwa sababu ndoo ikikaa bapa sakafuni yale ya chini huziba.

Mpenda_Ukali
Shikamoo mzee. Na kokoto chini ya ndoo, niweke inchi ngapi?

Mzee_wa_Miche
Marahaba. Usiweke kabisa. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe, kwa hiyo tabaka lenye tope linapanda juu kuifuata mizizi. Jaza mchanganyiko mmoja toka chini hadi juu: mboji iliyoiva, na makumbi ya nazi yaliyosagwa ili upitishe hewa. Udongo mtupu wa shambani unashikana ukiwa ndani ya chombo.

Mama_Bustani
Jamani, mmesahau kwamba hiyo ni mimea miwili tofauti! Pilipili mbuzi ni mzito wa kukua, tangu kuhamishwa mpaka tunda kuiva ni miezi mitatu au minne, na inahitaji nafasi. Hiyo ipe ndoo ya lita 20. Kichaa inaridhika na lita 10, basi chungu cha BintiMkulima kitaitosha vizuri.

Jingine ni joto. Likipita nyuzi 32 mchana, maua mengi huanguka kabla ya kushika. Tundika wavu wa kivuli upande wa magharibi, utakusaidia kuliko chombo chochote mtakachokubaliana hapa. Na mkianza kuona maua, punguzeni mbolea ya nitrojeni, la sivyo mtavuna majani.

Kijani_Ghorofani
Asanteni sana, nimeelewa. Ndoo nyeupe kwa mbuzi, chungu kwa kichaa. Naweza kuzining'iniza kwenye ukingo ili zipate mwanga zaidi?

BintiMkulima
Ndoo usiininginize! Lita 20 za udongo uliolowa zinaweza kupita kilo 20, na mtu akipita chini je? Ziweke sakafuni, karibu na ukuta wa nyumba. Kila mmea uchomekee kijiti mapema, kabla mizizi haijatanda, kisha ufunge shina kwa kamba laini bila kulibana.

Mama_Bustani
Na chungulia chini ya majani kila unapomwagilia. Vidukari na utitiri huanzia huko, na ukiwawahi wakiwa wachache, maji ya kunyunyiza kwa nguvu kidogo yanawaondoa.