Muuzaji alijua kila ufa akaupaka rangi, na sasa anakataa kunirudishia kianzio changu

Wanajamvi, heshima kwenu.

Nimekaa wiki tatu bila kuandika uzi huu nikidhani hasira zitapoa, na kwa kuwa hazijapoa nauandika hivyo hivyo. Sitamtaja muuzaji wala dalali, kwa sababu suala liko kwa wakili. Nitaeleza yaliyonipata kwa kirefu, na mwenye uzoefu wa kudai fedha za namna hii naomba asome hadi mwisho.

Nyumba iko Tegeta, upande ule ardhi inaposhuka kuelekea bondeni. Ina vyumba vinne, uzio, geti la kusukuma na kibanda cha mlinzi. Niliiona mara ya kwanza mwezi Agosti, jua likiwaka na udongo umekauka hadi unapasuka. Muuzaji alianza na milioni 210, tukavutana hadi tukafika 185. Rangi ilikuwa mpya kiasi cha kunukia hadi getini, dari zilikuwa za jipsamu zenye taa za kujificha pembeni, na ua wote ulikuwa umetandazwa pevingi. Dalali akaniambia, "Bosi, hapa unaingia na begi lako tu." Nikamwamini, kwa sababu baada ya miaka kumi na moja ya kupanga, mtu anakuwa na hamu ya kuamini maneno ya namna hiyo.

Nilifanya yote ambayo mnunuzi mwangalifu huambiwa ayafanye. Wakili alifanya upekuzi wa hati akakuta haina rehani wala zuio. Kodi ya pango la ardhi ilikuwa imelipwa, serikali ya mtaa ilimtambua muuzaji pamoja na mipaka yake, na mkewe alisaini ridhaa. Benki nayo ilimtuma mthamini, akapiga picha kila chumba, akapima kwa hatua, akaondoka baada ya dakika kama ishirini. Hapo ndipo nilipokosea, na najua wengi humu mnakosea vilevile, kwa kudhani kwamba nyumba iliyothaminiwa imekaguliwa. Mthamini anatafuta bei ambayo nyumba ingeuzwa sokoni ili benki ijue kama dhamana inatosha. Hakutumwa kupanda darini wala kufunua karo. Kwa hiyo watu wote hao walifanya kazi zao, kila mmoja akatazama karatasi iliyomhusu, na hakuna aliyeitazama nyumba.

Nikasaini mkataba na kulipa kianzio cha milioni 20. Kipengele kinachosema kwamba kianzio hakirudishwi iwapo mnunuzi atajitoa nilikisoma, wakili akanionyesha kwa kidole, na bado nikasaini kwa kuogopa kwamba "kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha taslimu". Hili ni kosa langu na sitaki mtu yeyote alitetee.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeng'ang'ania kwamba salio lisitoke kabla mhandisi hajaingia mle ndani. Alinitafutia mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na bodi yao, tukakubaliana laki sita. Nilipompigia muuzaji simu kuomba siku, alicheka akasema, "Kijana wangu, wewe unanunua nyumba au unaipeleka hospitali?" Nami nikacheka. Sasa nafahamu kwamba aliyekuwa akicheka kwa raha pale ni mmoja tu.

Mhandisi alifika na begi dogo lenye nyundo, bisibisi ndefu, tochi, kipima unyevu na kifaa cha kuchomeka kwenye soketi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuingia ndani. Alisimama nje robo saa nzima akitazama mteremko wa ardhi, kisha akaenda kutazama ukuta wa jirani. Ukuta ule haukuwa umepakwa rangi miaka mingi, na ulikuwa na mstari wa udongo mwekundu uliokwenda sawa kama uliochorwa kwa rula, usawa wa goti langu. Tukamwamkia mzee mwenye nyumba ile, akaitikia, na alipoona tunautazama mstari akasema bila kuulizwa, "Hiyo ni masika ya mwaka 2024. Na hapo mnapotaka kununua, walilala juu ya meza." Muuzaji alikuwa amesimama hatua tano kutoka tulipo, akajifanya anaongea na simu.

Ndani, mhandisi alianza kugonga kuta kwa mpini wa bisibisi, akisogea taratibu kama daktari anayesikiliza kifua. Juu, ukuta ulilia mlio mkavu na mzito. Kuanzia usawa wa goti kushuka chini mlio ulikuwa mwembamba, wa kitu chenye uwazi nyuma yake, na kipima unyevu kilipanda kila kilipowekwa. Akaomba ruhusa ya kukwangua eneo la ukubwa wa kiganja nyuma ya mlango. Rangi ikatoka kama ganda la yai, chini yake kukawa na tabaka nene la putii, na chini ya putii lipu ilikuwa imegeuka unga, imejaa chumvi nyeupe ambayo ungeiona kwa mbali ungedhani ni unga wa sembe. Akanieleza kwamba waliojenga hawakuweka nailoni kati ya msingi na ukuta. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, hubeba chumvi, na yanapokauka huiacha chumvi chini ya rangi ikiisukuma lipu nje. Rangi mpya haiponyi chochote. Inanunua miezi minne au mitano, na miezi minne ndiyo tu muuzaji anayoihitaji.

Chumba cha nyuma ndicho kilichonitoa jasho. Kwenye kona ya dirisha mhandisi aliona mstari ambao mimi nisingeuona hata kwa kulipwa, akaufuata kwa ncha ya bisibisi, na kijazio kikaanza kudondoka. Ulikuwa ufa unaopanda kimshazari kwa kufuata maungio ya tofali kama ngazi, upana wake milimita 2 chini na milimita 6 juu. Akasema nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ziko katika kila nyumba na hazimnyimi mtu usingizi, lakini ufa unaopanuka kadiri unavyopanda, ukapita hadi upande wa pili, unaeleza kwamba kona ile ya msingi inazama. Udongo wa pale ni mfinyanzi, ambao huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo msingi mfupi unapanda na kushuka kila mwaka.

Tukazunguka nje kuutafuta ufa huohuo. Mahali ulipotakiwa kuwa palikuwa na bomba jeupe la maji ya mvua lililofungwa ukutani kwa vibanio vipya. Mhandisi akatazama juu, akatazama chini, akanyamaza kidogo, kisha akaniita, "Kaka, njoo uone." Bomba lile halikuungana na mfereji wowote juu, na chini halikuelekea popote. Lilikuwa limefungwa pale kuziba ufa, basi. Ndugu zangu, kuna mtu aliyetoka nyumbani kwake, akaenda dukani, akanunua bomba na vibanio, akamlipa fundi, kwa lengo moja tu la kunizuia mimi nisione. Mtu wa namna hiyo hawezi kuniambia kwamba hakujua.

Dari lilikuwa balaa jingine. Nyumba nzima haikuwa na tundu la kupandia juu, maana walipoweka jipsamu walilifunika. Muuzaji alikataa lisikatwe, kwa hiyo mhandisi akachomoa taa mbili na kupitisha simu yenye tochi. Upande wa mbele, anapoangalia mgeni akifika, kenchi zilikuwa za mbao zenye dawa, na rangi yake ya kijani bado inaonekana. Upande wa nyuma zilikuwa mbao za zamani zenye njia za udongo za mchwa kutoka ukutani hadi kwenye papi, zile mbao za kushikilia paa. Stoo ya nje, ambayo ina paa hilohilo lakini haina dari, ilitupa nafasi ya kujaribu kwa mkono: bisibisi iliingia kwenye mbao hadi mpini bila kusukumwa.

Umeme sitauandikia mengi. Soketi saba kati ya kumi na mbili hazikuwa na ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, na waya wa kijani na njano uliotoka kwenye meinswichi ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya boksi, hauendi ardhini. Karo lilikuwa limefunikwa kwa pevingi ili lisionekane limejaa, na tulipomwaga ndoo kumi chooni mfululizo, maji ya bafuni yakarudi juu.

Kwenye zege la kibaraza aliniita tena. Upande wa chini vipande vilikuwa vimeanza kumeguka na nondo zinaonekana, zimevaa kutu, na zege lililozifunika lilikuwa la sentimita moja tu. Alishuku kwamba mchanga uliotumika ulikuwa wa pwani wenye chumvi, ingawa alisema hilo linahitaji kupimwa maabara. Chumvi huifanya nondo ioze kabla ya wakati, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, nchi nzima ilizungumzia majengo marefu. Hatuzungumzi kabisa kuhusu kibaraza cha nyumba ya kawaida ambacho watoto hucheza chini yake.

Makadirio ya ukarabati hayakupungua milioni 45. Nilimpelekea muuzaji ripoti yenye picha nikiwa na matumaini ya kizamani kwamba tutakaa kama watu wazima: apunguze bei, au anirudishie kianzio kila mtu aende zake. Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa simu: nyumba inauzwa kama ilivyo, mimi ndiye ninayejitoa, kwa hiyo kianzio hakirudi. Akaongeza kwamba mhandisi wangu atalipia rangi aliyoikwangua nyuma ya mlango. Dalali, ambaye alishachukua chake, amenizuia kwenye WhatsApp.

Wakili amenifafanulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na ufafanuzi wenyewe ndio ulioniongezea hasira. Kifungu cha 17 kinahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, ila kunyamaza peke yake kwa kawaida si udanganyifu. Kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, lakini kina mwanya wake: upande wa pili unaweza kudai kwamba nilikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Hebu pimeni wenyewe. Nisingekagua, ningeambiwa nilikuwa na nafasi ya kukagua. Nimekagua, naambiwa ninajitoa. Wakili anaamini kwamba bomba lile lisilokwenda popote ndilo ushahidi wetu mkubwa, kwa sababu huko si kunyamaza tena, bali ni kutenda. Nami nina picha zake kumi na nne.

Binamu yangu anayeishi Marekani ananiambia kwamba kule mnunuzi huweka sharti la ukaguzi ndani ya mkataba, akikuta uozo anaondoka na fedha zake, na majimbo mengi humtaka muuzaji aandike kasoro anazozijua. Sihitaji kwenda mbali kiasi hicho. Nilihitaji sentensi moja kwenye mkataba wangu, kwamba kianzio kitarudishwa endapo ukaguzi wa mhandisi utaonyesha kasoro ya msingi, kuta, paa au mfumo wa maji taka. Wakili anasema ingemchukua dakika tano kuiandika. Nilipomuuliza kwa nini hakuiandika, alijibu kwamba wateja hawaiombi. Hapo nilitoka nje nikanywe maji, maana nilikuwa naelekea kusema maneno ambayo yasingefaa ofisini kwa mtu.

Sasa sababu ya kuandika leo badala ya wiki ijayo. Jumamosi shemeji yangu, ambaye naye anatafuta nyumba, alinionyesha picha alizotumiwa na dalali mwingine. Nyumba ni ileile, geti lilelile, bei imerudi milioni 200. Nyuma ya mlango pamepakwa rangi upya, tofauti kidogo na ukuta uliobaki. Bomba bado lipo. Na kwenye chumba cha nyuma, palepale mhandisi alipoufukua ufa, limejengwa kabati la nguo kutoka sakafuni hadi darini.

Kama unaonyeshwa nyumba Tegeta yenye kabati jipya katika chumba cha nyuma, omba livutwe, na kama halivutiki, zunguka nje utazame bomba. Na kama kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa kianzio kwa hoja ya kufichwa kasoro, iwe mahakamani au kwa barua ya wakili tu, naomba anieleze ilimchukua muda gani na alianzia wapi.