Kikundi cha Ukoo: Mguu wa Mama Mdogo

07:10 Dada Grace: Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi. Nimeongea na Mama Mdogo huko Sengerema. Kidonda cha mguuni hakifungi, wiki ya tatu sasa, na sukari yake mnaijua. Kufikia saa nne tuwe tumeamua anaenda wapi, na nani anampeleka.

09:26 Dada Grace: Watu kumi na mmoja mmesoma. Hata salamu?

09:31 Doto: Shikamoo dada. Apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, moja kwa moja. Daraja la Kigongo–Busisi si lipo, hakuna tena kungoja kivuko. Mambo ya kuanzia zahanati ni kupoteza muda.

09:34 Dada Grace: Doto, Bugando ni ya kanda, ngazi ya tatu. Hapo wanaenda walioshindikana mkoani. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni ngazi ya msingi. Ndiyo, hata ya wilaya. Ya pili ni rufaa ya mkoa, yaani Sekou Toure. Ya tatu ni kanda, ya taifa Muhimbili, na zile za ugonjwa mmoja kama Ocean Road ya saratani. Na Mama Mdogo ana CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya kaya. Inaishia mkoani. Bugando ni fedha mkononi.

09:35 Kulwa: Kumbe kama shule! Msingi, sekondari, chuo.

09:36 Kulwa: Basi Doto asishauri, la saba alirudia 😂😂

09:36 Mage: 😂😂😂

09:38 Doto: Nilikuwa na malaria siku ya mtihani na nyote mnajua

09:39 Mage: Malaria ya hesabu 😂

09:41 Dada Grace: Jamani, mguu!

10:05 Dada Grace: Ngazi haisemi hii nzuri ile mbovu. Kupima sukari, kusafisha kidonda, kufuatilia anakula nini, hayo yanataka mtu wa karibu na nyumbani. Nani atavuka kwenda Bugando kila anapobadilisha bandeji? Na akienda na barua ya rufaa anabeba historia yake na majibu ya vipimo. Bila barua wanaanza upya, tunalipa mara mbili.

10:19 Shija: Barua. Baba naye tulimngojea barua.

10:20 Dada Grace: Shija, usilete hilo hapa.

10:22 Shija: Nalileta. Siku nne kituo cha afya, dawa ya maumivu tu, gari la wagonjwa halina mafuta. Tukakodi gari wenyewe, na wapo ambao mchango wao hadi leo haujafika.

10:23 Kulwa: Unanisema mimi?

10:48 Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

10:50 Mage: Niko sokoni kuna kelele, Babu amesemaje?

10:57 Dada Grace: Amesema: "Kwa mkwe wangu kosa halikuwa barua. Tulimwona amebadilika tukaendelea kukaa. Mgonjwa wa dharura anapokelewa bila barua. Muulizeni mwanangu sasa hivi: vidole vina rangi gani, ana homa? Kama vimekuwa vyeusi au ana homa, mpandisheni gari. Kama sivyo, afuate ngazi. Na huyo marehemu msimgombanie tena."

11:15 Shija: Tumesikia Babu.

11:15 Doto: Tumesikia Babu.

11:32 Mama Mdogo: Wanangu msigombane. Vidole vizima, kimoja cha pembeni chekundu kimevimba. Homa sina. Usiku nilitetemeka kidogo nikajifunika.

11:33 Dada Grace: Kutetemeka ndiyo homa yenyewe mama! Hospitali ya wilaya LEO. Wakiona panahitaji mkoa wataandika rufaa hapo hapo. Shija una gari.

11:40 Kulwa: Nimetuma 20,000 kwa Grace. Na ile ya zamani nitaimalizia mwisho wa mwezi.

11:58 Shija: Gari liko kwa fundi, nikitoka kazini nitaona.

11:59 Dada Grace: Utaona saa ngapi? Nikodi bajaji au nikungoje wewe?

12:24 Dada Grace: Shija?

12:31 Mama Mdogo: Mimi nimeshavaa.