Tupeane uzoefu: ulipomfuatilia babu kwenye vitabu vya kanisa ulikutana na nini?

Mleta mada
Wakuu habari za muda huu. Mwezi uliopita tumemzika mzee wangu huko kanda ya ziwa, ndugu yetu mmoja akasimama kusoma historia ya marehemu, akasema marehemu ni mtoto wa Bonifasi na mjukuu wa mzee Lukas. Hapo hapo bibi mmoja, mdogo wake babu, anakaribia miaka 90, akasema kwa sauti chini ya turubai, "Lukas hakumzaa Bonifasi." Watu wakaanza kukohoa, kwaya ikaanzisha wimbo. Tangu siku hiyo bibi ukimuuliza anakwambia amechoka, anataka kulala.

Basi nikaenda parokiani alikobatizwa babu. Karani mstaarabu sana, akaniuliza mwaka nikasema kama 1930 hivi, hayupo, tukarudi nyuma kurasa kwa kurasa mpaka 1927 ndo tukampata, daftari kubwa, Kilatini kitupu, wino umepauka. Picha nikakatazwa ila nikaruhusiwa kunakili kwa mkono. Mama Agatha, huyo tunamjua. Palipo baba pameandikwa Ignoto. Sasa wakuu, kuna anayeufahamu ukoo wa Ignoto? Ni watu wa wapi? Na wengine mliowahi kupita hii njia tupeane uzoefu.

Kijiwe cha Kahawa
Navuta kiti.

Mseminari Mstaafu
Mkuu pole sana na msiba, nacheka lakini siyo kwa ubaya. Ignoto siyo ukoo. "Patre ignoto" maana yake baba hajulikani.

Mleta mada
Duh. Na nilishampigia rafiki yangu wa Bukoba aniulizie.

Mmachame wa Tegeta
Mleta mada usione aibu kabisa, sikia ya kwetu. Sisi Walutheri, huko mlimani Kilimanjaro wamisionari wa Leipzig walianza 1893 na vitabu vya ubatizo vya mwanzo ni Kijerumani, tena ule mwandiko wao wa zamani wa vikona vikona ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Baba mkubwa alienda usharikani miaka hiyo kutafuta baba yake babu, akarudi na jina, HEIDE. Ukoo mzima tukafurahi, tumepata mzizi, tukawa tunajiita wa Haide. Baba mkubwa akafungua duka akaliita Haide Store, binamu yangu akapata mtoto wa kiume akamwita Haide. Miaka kama sita ikapita, akaja mgeni wa Kijerumani kutembelea usharika tukamwonyesha kwa majivuno lile karatasi, yule mama akawa mwekundu, akauliza mara mbili kama tuna uhakika. Heide ni mpagani. Yaani mwandishi hakuandika jina la mzee, aliandika kwamba baba wa mtoto hajabatizwa, basi. Duka limeshabadilishwa jina. Mtoto yuko kidato cha pili.

Kijiwe cha Kahawa
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia kuna nini. Kidato cha pili!!

Mama Wawili
Poleni. Kwetu Kilatini walimwandika "filius pagani" na kuna mjomba alishaanza kutafuta mzee Pagani.

Mseminari Mstaafu
Turudi kwa mleta mada kidogo. Hiyo ignoto usiichukulie kwamba Agatha alikuwa hajui aliyempa mimba. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilikataza kuandika jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa baba mwenyewe ajitokeze kwa hiari aseme ni wangu, au iwepo hati rasmi ya serikali. Sasa kijijini 1927 hati rasmi nani alikuwa nayo. Padre angeweza kuwa anamjua huyo bwana kwa sura, anampa komunyo kila Jumapili, na bado kitabuni akaandika ignoto.

Chuma Ulete
Mnapoteza muda na makanisa, nenda serikalini chukua cheti cha kuzaliwa cha babu, kila kitu kipo humo.

Mwanasheria wa Mtaani
Cheti kipi mkuu? Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ipo tangu 1920, lakini kwa Mwafrika wa kijijini miaka mingi haikuwa lazima. Mtu wa 1927 kama ana cheti basi ni cha kuchelewa, kimetolewa akiwa mzee kwa ajili ya pasipoti au mirathi, na ushahidi uliopelekwa ni nini? Cheti cha ubatizo hicho hicho, au barua ya mtendaji, au kiapo cha nduguye. Kosa la kitabuni linahamia kwenye karatasi yenye mhuri halafu linakuwa kweli. Mimi mwenyewe cheti changu kinasema baba yangu ni baba mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na muda wa kupanga foleni siku hiyo na alipoulizwa jina la baba akataja lake. Kwa Kisukuma chetu hajadanganya, baba mdogo ni baba. Mzee alipofariki nimehangaika miaka minne mahakamani kuthibitisha mimi ni mtoto wake, na baba mdogo mwenyewe yuko pembeni analia ananiambia samahani mwanangu.

Mama Wawili
Hiyo ya baba mdogo ni wengi sana wallah.

Mpemba wa Kweli
Nyie mnahangaika na vitabu vya wazungu. Sie nasaba tunazo kichwani, fulani bin fulani bin fulani mpaka babu wa saba, hatuendi kumwomba karani.

Ng'ambo Unguja
Mpemba punguza. Utumwa kisiwani ulifutwa 1897, na masuria hawakuguswa na amri ile mpaka 1909. Walioachwa huru wangapi walibeba nasaba ya bwana? Huyo wako wa saba ni wako au ni wa aliyemmiliki wako wa tano?

Mpemba wa Kweli
Chunga mdomo wako bwana.

Ng'ambo Unguja
Sijakutaja wewe, nasema mimi. Wa kwetu ndivyo alivyofanya na nasaba ninayo nzima, nzuri, ndefu, na baada ya wa nne wote si wangu.

Chuma Ulete
Pimeni DNA wote muishe kelele.

Binti wa Karema
Samahani nitaandika kirefu, huu uzi umenitoa machozi ofisini.

Kwetu ni upande wa mama. Tumekua tunaambiwa bibi yake mama, Anastasia, alikuwa binti wa Mwene, yaani mtawala, wa Ufipa. Hiyo ilikuwa habari kubwa nyumbani, mimi nilipoposwa wajomba walipandisha mahari wakisema hamuoi mtu wa hivi hivi. Miaka michache iliyopita binamu yangu akataka kuandika kitabu cha ukoo, tukasafiri naye mpaka Karema. Mnaopajua mnajua, ziwa liko pale chini, na nyumba za misheni zilianza kama ngome ya Wabelgiji mpaka Mapadri Weupe, lile shirika la Wamisionari wa Afrika, walipoichukua 1885. Tukaonyeshwa kitabu cha miaka ya mwanzo. Tukaanza kusoma kwa kidole.

Tukampata. Anastasia, umri "circa 9", yaani miaka kama tisa hivi. Baba hakuna, mama hakuna. Pembeni neno moja, redempta, na chini yake Marungu. Binamu akasema labda Redempta ni jina lake la pili. Padre mzee aliyekuwa nasi akanyamaza kidogo, akavua miwani, akasema wanangu, hilo maana yake amekombolewa. Nikamuuliza amekombolewa dhambini? Akasema hapana, amekombolewa kwa wenye watumwa. Alinunuliwa ili aachwe huru. Na Marungu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Siwezi kueleza. Mtoto wa miaka tisa kavushwa ziwa lile kwenye mtumbwi, halafu mimi miaka mia baadaye napandishiwa mahari kwa jina la Mwene. Nikarudi ndani nikatazama ukurasa wote. Kumi na mmoja. Redemptus, redempta, redempta, wote siku moja, hakuna mwenye baba wala mama. Niliwanakili wote, binamu akaniuliza wengine wa nini hawatuhusu, nikamwambia andika tu.

Kuna kitu kimoja mama alikuwa anatuhadithia tangu wadogo. Pale Karema alikuwepo daktari Adriano Atiman, mnaosoma historia mnamjua, naye alikuwa mtoto wa kukombolewa, kutoka huko mto Niger, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema 1889 na akatibu watu pale mpaka alipofariki 1956. Mama anasema bibi Anastasia akienda kwake kutibiwa macho alikuwa anamsalimia "ndugu yangu" na yeye anamwitikia "dada". Sisi siku zote tulidhani ni mambo ya dini.

Kumwambia mama ndo ilikuwa kazi. Alikaa siku mbili hasemi, ya tatu akaniuliza, "Sasa mimi nani?" Wajomba wakanizuia kusema kwenye kikao cha ukoo, mmoja akasema nimehongwa ili tunyang'anywe shamba kwa kuwa siyo wenyeji. Mpaka leo kitabu cha ukoo kina Mwene ukurasa wa kwanza. Binamu yangu, niliyekaa naye ngazini, ndiye aliyeandika hivyo.

Mama Wawili
Jamani.

Kijiwe cha Kahawa
Kahawa imepoa mkononi.

Chuma Ulete
Hii chai, tena ya maziwa. Padre anunue mtumwa?

Mseminari Mstaafu
Wewe Chuma Ulete unyamaze leo. Walinunua, na hawakuficha, ndiyo maana imeandikwa. Kardinali Lavigerie aliyeanzisha shirika lao alizunguka Ulaya 1888 akihubiri dhidi ya utumwa na kuchangisha. Bagamoyo nako mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji cha waliokombolewa tangu 1868. Kama walifanya vizuri au vibaya hilo mjadala mwingine, lakini siyo chai.

Mswahili wa Mombasa
Kwetu Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, mpaka leo pana mahali panaitwa Kengeleni, palipo na kengele yao ya zamani. Nyanya yangu ukoo wake ni jina la Kizungu kabisa, shuleni walimu walikuwa wanamuuliza babako ni Mwingereza? Anawajibu, babangu alipewa hilo jina pamoja na shati. Dada wa Karema, pole. Hao kumi ulioandika majina yao uko nayo bado?

Binti wa Karema
Ninayo. Yapo kwenye pochi.

Ng'ambo Unguja
Mpemba upo? Umesoma?

Mpemba wa Kweli
Nimesoma. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mama Wawili
Dada wa Karema hao mapadri kila kituo walikuwa wanaandika shajara kila siku, nani kaja nani kafa, na nakala zilipelekwa kwa wakubwa wao, nyaraka zao ziko Roma. Ukiandika barua ukataja kituo na mwaka wanaweza kukuangalizia siku ile walipofika watoto.

Fundi Saa
Kwa nini mnafukua? Waliokufa wamekufa. Mimi nilifukua nikapata shangazi watatu nisiowajua, wote wanaomba nauli.

Mleta mada
Jamani uzi umeenda Kongo, na mimi mnisaidie basi. Naanzia wapi?

Mwanasheria wa Mtaani
Tafuta ubatizo wa wadogo zake babu. Agatha akishaolewa huko mbele baba wa hao wengine ataandikwa.

Kijiwe cha Kahawa
Mpelekee karani soda.

Mama Wawili
Usipeleke soda, toa sadaka ya parokia uandikiwe risiti. Soda ndo inaharibu.

Mseminari Mstaafu
Mkuu hebu andika hapa ulichonakili CHOTE, hata usichokielewa. Na pembeni je? Mtu akifunga ndoa, parokia alikofungia ilitakiwa ipeleke taarifa alikobatizwa iandikwe pembeni.

Mleta mada
Haya: "Die 14 Augusti 1927 baptizavi Bonifacium, natum die 9 Augusti, ex Agatha et patre ignoto. Patrinus fuit Lucas." Pembeni pana 1951 cum Veronica, huyo ndiye bibi yetu.

Mseminari Mstaafu
Umeshasoma jibu la bibi yako bila kujua. Patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Lucas ndiye Lukas wenu. Na mzazi haruhusiwi kumsimamia mtoto wake, sheria ile ile ya 1917. Kama angekuwa baba asingeandikwa hapo. Lukas alimsimamia mtoto wa Agatha halafu akamlea.

Mleta mada
Dah.

Mleta mada
Nilikuwa nadhani patrinus ni jina la padre.

Mwanasheria wa Mtaani
Taratibu. Misheni nyingi katekista alikuwa anasimama kwa watoto ishirini kwa asubuhi moja. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. Labda ni Lukas mwingine, katekista tu.

Mseminari Mstaafu
Hoja nzuri. Aangalie mistari ya juu na chini, kama Lucas yumo kila mahali basi ni katekista, kama yumo mmoja tu basi ni jirani au mtu wa nyumbani.

Mleta mada
Sikuangalia. Narudi Jumamosi.

Mleta mada
Wakuu mrejesho mdogo kabla ya Jumamosi. Bibi kanipigia mwenyewe leo, kaazima simu ya mjukuu. Kauliza, umeenda kusoma kitabu? Nikasema ndiyo bibi. Kauliza, umemkuta Lukas? Nikasema nimemkuta kama msimamizi. Akacheka, tena sana, halafu akasema niende na sukari kilo mbili na chumvi, na nisije na yule aliyesoma historia.

Kijiwe cha Kahawa
SUKARI KILO TATU MKUU USIMPUNJE.

Mmachame wa Tegeta
Haide anakutakia safari njema.