Can, could, may, be able to: kosa liko wapi katika sentensi hizi?

mtafuta_sarufi
Wakuu, naomba msaada. Sentensi hizi tatu zimekatwa kwa kalamu nyekundu, na zote nilikuwa nataka kusema habari ya "kuweza":

The door was locked, but I could open it with a spare key.
She is not answering her phone. She can be sick.
Next year I will can speak French.

Kosa la kila moja ni nini?

kalamu_ya_wino
Ya tatu ni nyepesi, tuimalize kwanza. "Can" haiwezi kukaa baada ya "will", wala baada ya "to", wala baada ya kitenzi kisaidizi kingine chochote. Hapo huingia "be able to": I will be able to speak French, I want to be able to swim. Kumbuka pia kwamba kitenzi kinachofuata "can" hubaki kitupu. Ni "she can swim", si "she can to swim" wala "she can swims".

Ya kwanza ndiyo inayowasumbua hata wanaojua Kiingereza vizuri. "Could" ya wakati uliopita hueleza uwezo uliokuwepo kwa kipindi fulani: At six I could read. Hapo hatusemi kwamba ulisoma siku fulani, tunasema ulikuwa unajua kusoma. Wewe unasimulia tukio moja, mlango mmoja, na ukafanikiwa kuufungua. Basi andika "was able to", au "managed to" kama ulihangaika kidogo: I managed to open it with a spare key.

Kuna mambo mawili yanayoenda kinyume na hapo. Kwenye ukanushi, "couldn't" inafaa hata kwa tukio moja: I tried the key but I couldn't open it. Na vitenzi vya hisi kama see, hear na smell hukubali "could" bila shida: When I went in, I could smell smoke.

mwalimu_wa_jioni
Naongezea ya pili. Kiswahili chetu husema "anaweza kuwa mgonjwa" na "anaweza kuogelea" kwa kitenzi kilekile, ndiyo maana mkono unakimbilia "can". Jaribu hivi: weka "huenda" mahali pa "anaweza". Maana ikibaki ileile (huenda ni mgonjwa), tumia may, might au could: She may be sick. Lakini ukiweza kuweka "wakati mwingine huwa", "can" ni sahihi, kwa kuwa unasema jambo la jumla: Exams can be stressful.

Vitabu vingi husema "might" ina shaka zaidi kuliko "may". Kwa maoni yangu usipoteze muda hapo, katika mazungumzo ya kawaida tofauti ni ndogo mno. Weka nguvu kwenye ukanushi, maana huko ukikosea umesema jambo jingine kabisa. "She may not be at home" ni kwamba huenda hayupo. "She can't be at home" ni kwamba haiwezekani awepo, labda kwa sababu umemwona sokoni sasa hivi.

Swali la uwezekano usilianze kwa "May". Andika "Could she be sick?" "May" mwanzoni mwa swali huomba ruhusa: May I come in?

mtafuta_sarufi
Asanteni sana, nimeelewa. Na "could have" je?

kalamu_ya_wino
"Could have" hufuatwa na umbo la tatu la kitenzi, na ina maana mbili. "She could have won, but she stopped running": angeweza kushinda, hakushinda. "I didn't hear the results, she could have won": huenda alishinda, sijui. Sentensi iliyo jirani ndiyo inayoamua, kwa hiyo usiiache peke yake. "She couldn't have won" ni kwamba haiwezekani kuwa alishinda.

Usiandike "could of". Sikio ndilo linalodanganya, kwa sababu "could've" hutamkwa hivyo.

mwalimu_wa_jioni
Na pale ambapo jambo linajulikana kwamba halikutokea, epuka "may have". Andika: You were lucky, you might have been hurt. "You may have been hurt" humfanya msomaji adhani bado hatujui kama aliumia.